Malkia Niliyemtunga Ilembo

Nilimkana mama yangu mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wanne wenye kamera, na hakuna aliyenishika koo kunilazimisha.

Hilo sikuwaambia wiki zote nne tulizokaa pamoja kwenye ukurasa huu. Niliwaambia nilivyofukuzwa kazi ya mapokezi kwenye loji kwa sababu nilikataa kumpelekea mgeni maji chumbani saa sita usiku. Niliwaambia Aristide alivyovunja uchumba kwa ujumbe wa simu wa maneno manane. Mkanionea huruma, na wengine mkanitumia salamu za kunitia moyo.

Leo mnaweza kuirudisha huruma yenu. Simzuii mtu.

Kwa wewe unayenikuta leo: naitwa Lidia, nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa Katumba, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili wakiwa watoto. Uraia tunao, na vyeti viko sandukuni kwa mama. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa miguu mjini Mpanda. Wengi wao wako safarini kwenda mbugani kuona viboko, wanalala mjini usiku mmoja tu. Mimi huwaambia, kabla hamjaondoka, nipeni saa tatu niwaonyeshe mji.

"Mpanda kuna nini cha kuona?"

Swali hilo wageni huniuliza mara moja moja. Watu wa Mpanda wenyewe huniuliza kila siku.

Nami nawaonyesha stesheni ya reli. Nawaonyesha nyumba za wakubwa wa mgodi wa zamani, zenye baraza pana kuliko vyumba. Nawapitisha vichochoroni, kwenye kuta ambazo fundi alipanga matofali kwa mtindo wa mkeka ilhali hakuna aliyemwomba, basi tu mkono wake ulitaka. Mwisho nawapeleka Ilembo, kwenye nyumba iliyoniponza.

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma na bati. Ungeipita bila kugeuza shingo kama si ukuta wa mbele. Ukuta ule umechorwa kuanzia msingi hadi chini ya bati: pembetatu nyeusi zinazopandana, ngazi nyekundu, mistari myeupe inayokatika na kuungana kama ususi wa kikapu. Na si rangi tupu. Mistari imetuna. Ukipitisha kiganja unaisikia, kwa sababu ilifinyangwa kwa samadi na majivu kabla ya kupakwa.

Aliyeufinyanga ni mama yangu, mwaka tisini na nane. Mwenye nyumba wa wakati ule alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, akamwita amrembeshee. Bakuli la majivu nilishika mimi, nikiwa na miaka saba, jua likinichoma utosi.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Mwezi wa nane gari la wageni lilikatika ekseli, wakakwama Mpanda siku nzima. Walikuwa watu wa ofisi moja huko Dar, wametoka kutalii. Nikawatembeza. Njiani bwana mmoja mwenye kamera kubwa akaniuliza kwetu wapi.

"Katumba," nikasema.

"Aa. Kambini kwa wakimbizi."

"Si kambi, kaka. Tuna kata, tuna madiwani, tuna..."

Keshaishusha kamera. Akawageukia wenzake: "Kumbe na huyu ni mgeni kama sisi!"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka tu, kama watu wanavyocheka safarini.

Dakika tano baadaye tukasimama mbele ya ukuta. Yule yule bwana akauliza, "Nani kachora hii?"

Nilifungua kinywa kusema ni mama yangu. Kikatoka kitu kingine.

"Malkia," nikasema. "Malkia Nyamizi. Hii ilikuwa nyumba yake, imepita zaidi ya miaka mia na hamsini."

Kamera zote zikainuka kwa pamoja.

Nami nikajisikia mrefu. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na siifichi: nilijisikia mrefu.

Uongo ule haukukaa. Picha zilisafiri kwenye simu za watu. Redio ikamtaja malkia. Wageni wakaanza kuja wakiwa wanamjua tayari, wanataka kusikia zaidi, nami sikuwa mchoyo. Nilimpa malkia mume mwoga. Nikampa mkuki. Wiki moja niliyokuwa na furaha sana nikampa mtoto wa simba aliyelala mlangoni.

Mnaniuliza kwa nini sikuacha? Nitawaambia, na hapa sijitetei.

Nyumba ile sasa ni ya Mzee Nyanda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi aliyeinunua miaka miwili iliyopita. Alitaka kiwanja, nyumba hakuwa na shida nayo. Alishaita mafundi wabomoe wajenge fremu sita za maduka. Aliposikia habari za malkia akawatimua mafundi, akazungushia kamba mbele ya ukuta, akaweka na benchi.

"Mayu," aliniambia, kwa namna Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "kumbe nimenunua ikulu na sijui!"

Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa umeuokoa ukuta wa mama yangu. Ukweli ulikuwepo miaka yote na haukuwahi kumzuia mtu kushika nyundo.

Nikanyamaza. Nikaendelea kula mkate wa malkia.

Halafu akaja Aneth.

Aneth ni mwalimu wa usanifu majengo chuoni Dar. Alikuja peke yake, viatu vya kutembea, daftari mkononi, kamera hana. Anachora. Stesheni alikaa saa nzima akichora pembe moja tu ya paa. Kwenye nyumba za mgodi nikaanza kumhadithia wakubwa walioishi mle, akanikatiza kwa upole.

"Dada Lidia, hao nimewasoma. Nani alizijenga?"

Miezi mitano natembeza watu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

Tulipofika Ilembo nikaanza wimbo wangu wa malkia. Aneth hakunitazama. Alichuchumaa, akanusa ukuta, akapitisha kidole. Kisha akasimama mbele ya dirisha.

"Malkia wako alikufa lini?"

"Elfu moja mia nane themanini na kitu."

"Ona mchoro ulivyolizunguka dirisha. Umefuata nondo moja moja, vizuri kabisa. Na nondo hizi zimechomelewa." Akanigeukia. "Malkia alikuwa na fundi wa kuchomelea?"

Nikazitazama nondo kama naziona mara ya kwanza.

"Nani kachora, Lidia?"

"Mama yangu."

Hatimaye. Lilitoka kama mwiba.

Akakaa kwenye benchi la Mzee Nyanda. "Na kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ungeishusha kamera."

"Mimi sina kamera," akasema.

Akaniambia lililomleta. Yeye na wenzake wanasaidia kuandaa orodha ya majengo ya mji ambayo yanafaa yalindwe. Alhamisi kutakuwa na kikao cha wananchi hapo hapo kwenye nyumba, na mtendaji wa kata atakuwepo. Nyumba ya malkia ndiyo ya kwanza kwenye mapendekezo.

"Malkia siwezi kumwandika," akasema. "Hilo lijue. Lakini sitakusemea. Utasema mwenyewe."

"Nikisema, Mzee Nyanda anabomoa."

"Huenda."

"Na mimi wananipopoa."

"Huenda," akasema tena, akarudi kuchora.

Jioni ile nikaenda Katumba. Mama nilimkuta barazani, ungo wa maharage mapajani. Akaanza yeye, bila kuinua macho.

"Nimemsikia redioni malkia wako. Ana mikono mizuri huyo mwanamke."

Bora angenichapa. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Mama, nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile, mwana wanje, mwanangu. Inuka, unamwaga maharage."

Nikamweleza yote. Bwana mwenye kamera, simba, Aneth, kikao. Alikuwa akitikisa kichwa na kupepeta. Nikafika mwisho: "Alhamisi nitasimama niseme jina lako."

Ungo ukatulia.

"Hapana."

"Mama..."

"Sema ni mwanamke fulani. Sema amefariki. Jina langu usilitaje mbele ya mtu mwenye kalamu."

"Sisi ni raia, Mama! Vyeti viko hapo ndani sandukuni. Unaogopa nini?"

"Wewe vyeti huvijui."

Hapo nikapandisha hasira. Nilikuwa na hatia yangu, na mwenye hatia hutafuta wa kugawana naye. Nikamwambia maneno ambayo mtoto hatakiwi kumwambia mzazi. Nikamwambia ni yeye aliyenifundisha kujificha. Ni yeye aliyenikataza nisiongee Kirundi sokoni. Ni yeye aliyeniambia nikiulizwa kwetu nijibu "hapa hapa" na nipite haraka. Siku nilipomkana, nilifanya tu kile nilicholelewa kufanya.

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Ukuta umesimama," akasema. "Kwangu inatosha."

"Kwangu haitoshi."

Nikaondoka bila kuaga. Na njiani nikaamua: nitalitaja. Atake asitake, nitalitaja. Nililiita jambo hilo ujasiri. Someni mpaka mwisho, kisha nanyi mlipe jina.

Alhamisi saa nne asubuhi Ilembo ilijaa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye magogo, vijana wameegemea pikipiki zao. Mzee Nyanda kavaa kofia yake pana na koti, ameshika fimbo, anapokea watu kama baba wa bibi harusi. Mke wake, Minza, alikuwa akitoa mabenchi nje. Mtendaji kafungua daftari lake mezani, na Aneth ameketi kando yake.

Na Ezekia alikuwepo. Huyu ni kiongozi wa watalii mwenye kitambulisho shingoni, anapeleka watu mbugani. Tangu nianze kazi hii hajawahi kunisalimu kwa jina. Ananiita "yule wa Katumba".

Mtendaji akafungua kikao. Kabla hajamaliza salamu nikasimama, nisije nikabadili nia.

"Nina neno. Malkia Nyamizi hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi."

"Rudia, mayu," akasema Mzee Nyanda.

"Nilimtunga, baba. Siku ya wageni walioharibikiwa gari."

"Na mkuki wake?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Niliutunga."

"Na simba?"

"Naye nilimtunga."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Mzee Nyanda hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu.

"Sokoni wananiita Mtemi kwa ajili yako. Nimemwandikia mwanangu Shinyanga aje aone ikulu. Umenifanya mjinga mbele ya ukoo wangu." Akageukia watu. "Kesho asubuhi mafundi wako hapa. Sitaki kuuona ukuta huu!"

"Baba, ngoja nimalize. Ukuta huu haukuchorwa na malkia, lakini aliyeuchora yupo hai. Ni mama yangu."

Ezekia akapiga makofi polepole, kejeli tupu.

"Mtendaji, mnaona? Jana malkia, leo mama'ake! Kesho atatuambia mji wote wa Mpanda umejengwa na watu wa kambini. Huyu hana urithi hapa. Ni mgeni, anatafuta pa kujishikiza."

Kuna maneno ukiyasikia tangu utotoni yanakufanya uiname. Nami nilikuwa nimeinama miaka thelathini na minne. Sijui siku hiyo shingo yangu ilikataa vipi.

"Ezekia," nikasema, "nyumba yako ni ya matofali?"

"Ndiyo."

"Uliyanunua wapi?"

Akasita. Watu wakaanza kuguna, maana walijua.

"Sema. Uliyanunua wapi?"

"Katumba," akasema kwa chini.

"Nani aliyachoma? Wageni? Baba yangu amekufa na moshi wa tanuri kifuani, tofali zake zimo kwenye nyumba za hapa, mnalala ndani yake mvua inanyesha nje. Mimi mji huu sikuja kuutembelea. Nimezaliwa nikaukuta mikononi mwetu. Miezi mitano nimewaambia watu habari za wakubwa wa baraza pana, na waliobeba tope sikumtaja hata mmoja. Hilo ndilo kosa langu, na kosa hilo ni kubwa kuliko simba. Leo nataja. Ukuta huu ni wa Emelyne wa Katumba. Mkitaka kuubomoa bomoeni, lakini mbomoe mkijua ni wa nani!"

Sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka ikakatika. Minza alikuwa amesimama na benchi mikononi, amesahau kuliweka chini.

"Maneno matamu," Ezekia akasema. "Hata ya malkia yalikuwa matamu. Ushahidi uko wapi?"

Nami sikuwa nao. Sina picha, sina karatasi, na yule mfanyabiashara wa mahindi alishakufa.

"Nileteeni samadi."

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Wakapisha.

Alikuwa mama. Kavaa kitenge chake cha Jumapili, viatu kavivua kavishika mkononi. Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Nyanda.

"Baba, ng'ombe unao?"

"Ninao, mama," akajibu mzee, kashangaa.

"Basi samadi mbichi. Na majivu ya kuni, ya mkaa sitaki. Na chokaa kidogo kama ipo."

Minza hakusubiri kuagizwa. Alitupa benchi, akaenda zizini mwenyewe, akarudi na karai limejaa samadi na kopo la majivu, mikono kaichafua mpaka viwikoni.

Mama alikanda. Alikanda kama anayekanda mkate wa ibada, taratibu, bila neno. Kisha akaenda kwenye ukuta wa ubavuni, ule mtupu, akaulowesha kwa kiganja, akaanza.

Hakutumia rula wala kamba. Mkono ulishuka kutoka juu na mstari ukafuata, umenyooka, umetuna. Akafika mahali pa kukunja kona, akabonyeza kwa dole gumba, akageuza. Mstari wa pili. Kona. Bonyeza. Geuza. Watu walianza kusogea bila kujijua, mpaka kamba ya Mzee Nyanda ikakatika na hakuna aliyejali.

Aneth alisimama ghafla. Akakimbilia ukuta wa mbele, akachungulia kona moja, akachungulia nyingine.

"Mzee Nyanda, njoo. Weka dole gumba lako hapa."

Kwenye kila kona ya mchoro ule wa zamani kulikuwa na kishimo kidogo, kimelala upande. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mia na sijawahi kukiona. Mzee akaweka dole lake. Halikukaa.

"Mama," Aneth akaita, "tuazime mkono."

Dole gumba la mama lilivunjwa na mpini wa jembe akiwa msichana, likaunga vibaya, limepinda. Mzee Nyanda alilishika kwa vidole viwili, kwa adabu, kama mtu aliyeshika yai. Akalipeleka kwenye kishimo.

Likaingia lote.

Akalipeleka kona ya pili. Likaingia. Ya tatu. Hapo mzee akavua kofia yake.

"Mayu," akamwambia mama yangu, "huu ni ukuta wako. Mafundi hawaji. Mtu atakayeugusa atanipita mimi kwanza."

Vigelegele. Minza alianza, wengine wakadakia. Ezekia alikuwa ameinama kwenye kona ya chini, anajaribu dole lake mwenyewe kwenye kishimo. Aliponiona namtazama akaliondoa haraka, kama aliyeungua.

Nikalia. Nilidhani misiba yangu yote, loji, Aristide, malkia, imefika mwisho wake pale. Laiti hadithi hii ningekuwa naitunga, ningeishia hapo.

Mtendaji akaleta fomu. Aneth akachukua kalamu, uso unang'aa.

"Jina la msanii," akasema. "Mama, nisaidie kuliandika vizuri."

"Emelyne!" nikasema mimi, kwa sauti ya watu wote wasikie. "Anza na E. E, M, E..."

"Usiandike hilo," mama akasema.

Nikadhani ni woga wake ule wa barazani. "Mama, yamekwisha. Usiogope tena."

"Siogopi. Ila hilo si jina langu."

Vigelegele vilikatika.

"Emelyne alikuwa dada yangu," mama akasema. Alisema bila kupandisha sauti, samadi inamkauka mikononi. "Mkubwa wangu kwa miaka miwili. Tulivuka pamoja. Yeye alifia njiani, tukamzika chini ya mawe, sijui hata ni wapi. Kadi ya ubatizo ilikuwa moja, ya kwake. Shangazi yetu akaniambia, kuanzia leo wewe ndiye Emelyne, ukikosea hupati chakula wala shule. Nilikuwa na miaka kumi. Sikukosea hata mara moja."

Nilimsikia, na sikumwelewa. Mwanamke aliyenizaa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na jina lake sikulijua.

Mtendaji aliweka kalamu mezani. Si mtu mbaya. Nimemfahamu siku nyingi. Alizungumza polepole.

"Mama, kabla hujaendelea. Kwenye cheti chako cha uraia wameandika jina gani?"

"Emelyne."

"Na cha huyu binti, jina la mama?"

"Emelyne."

"Unaelewa unachosema mbele yangu?"

"Nimekielewa kabla hujazaliwa, baba."

Ndipo na mimi nikaelewa. Sandukuni. Mtu mwenye kalamu. *Wewe vyeti huvijui.* Cheti chake na changu vyote vilisimama juu ya jina lisilo lake, na uraia wetu pamoja navyo. Alinikataza kwa sababu alijua, na mimi nikaenda nikapaza sauti katikati ya uwanja, kwa ujasiri wangu.

Nikamshika mkono. "Mama, twende nyumbani. Aneth, andika Emelyne. Andika tu Emelyne!"

Mama alijinasua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama usoni.

"Miaka zaidi ya hamsini, kwenye makaratasi, mimi ndiye niliyekufa njiani," akasema. "Nimechoka kuwa maiti. Dada yangu nilimpa jina langu kwenye kaburi lake, nikampa na maisha yangu. Mkono huu simpi. Umenitoa mafichoni mwenyewe, Lidia. Sasa simama."

Nikasimama. Sikuwa na namna nyingine.

Alichovya kidole kwenye majivu, akapiga magoti chini ya mchoro wake mbichi, akaanza kuandika. Aliandika kwa shida, kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu jina hilo hakuwahi kuliandika tangu avuke. P. Kisha R. Kisha I. Aneth alikuwa akizinakili moja moja kwenye fomu, machozi yanadondokea karatasi. Mzee Nyanda alikuwa amesimama nyuma ya mama, kofia kifuani, fimbo kaikita chini.

Prisila.

Mtendaji alisubiri mpaka alipomaliza herufi ya mwisho. Akafunga daftari lake. Kisha akatoa simu mfukoni, akasogea kando ya ukuta mahali tusipoweza kumsikia, akaanza kupiga.